Mchicha kustawi sio cheti: jinsi mazao yanavyoishi na kadimiamu, risasi na wenzake (uzi mrefu)

Mzee wa Matuta #1

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Huu uzi nimeuweka kiporo karibu mwaka mzima, leo nimesema niuandike tu, ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome kesho.

Mie nimekulia kwenye matuta ya mchicha. Mama mdogo alikuwa na bustani bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, tunaamka saa kumi alfajiri tunashika keni tunamwagilia, jua linachomoza wachuuzi wameshajaa wanang'oa na kufunga mafungu. Maji tunachota mtoni humohumo. Kuna siku yanakuja na rangi ya zambarau, kuna siku yana utando juu unameta kama oili ya gari, tunasubiri yapite kidogo halafu tunachota. Siku moja nikamuuliza, mama mdogo haya maji hayana madhara kweli? Akanyoosha kidole kwenye tuta, akasema mwanangu kungekuwa na sumu mchicha ungekufa, we si unauona ulivyo.

Na kweli ulikuwa umestawi, majani mapana kama kiganja.

Baadae nikaenda kusoma kilimo Morogoro, nikarudi mjini, na ile kauli sijaacha kuisikia, kila bonde ninalopita mkulima ananiambia vilevile. Siwalaumu, mkulima anaamini macho yake na hayo macho ndo yamemlisha siku zote. Ila kwa hili macho yanatuangusha na nataka nieleze kwa nini.

Sumu ninayoizungumzia hapa ni metali nzito, na hizi haziko sawa zote. Shaba, zinki, chuma, manganizi, mmea unazitaka, kidogo tu, zikizidi zinauunguza. Kadimiamu, risasi, zebaki na aseniki mmea hauna kazi nazo (watu wa kemia watasema aseniki sio metali kamili, sawa, ila sumu yake inahesabiwa humuhumu). Sasa mzizi hauna mlango wa kadimiamu. Una milango ya zinki, ya chuma, ya manganizi, na kadimiamu inafanana nazo kiasi kwamba inapita nazo pamoja. Aseniki nayo inapita mlango wa fosfeti. Mmea ukifunga milango unakufa njaa, ukiacha wazi sumu inaingia, kwahiyo umebidi utafute namna ya kuishi na mgeni ambaye haukumwalika.

Namna zenyewe ni hizi. Kwanza kumzuia nje, mzizi unatema asidi laini kwenye udongo zinaikamata metali kabla haijaingia, na kuta za seli za mzizi zina pektini ambayo inainasa. Ikishapenya, seli inatengeneza nyuzi fupi zinazofanana na protini, zimejaa salfa, zinaitwa faitokelatini, wanasayansi wa Ujerumani ndo walizitambua 1985, hizo nyuzi zinaishika kadimiamu isiguse kitu kingine chochote. Halafu ule mzigo unasukumwa kwenye vakuoli, lile pipa kubwa la maji katikati ya seli, unafungiwa humo. Na wakati wote huo mmea unaongeza vimeng'enya vya kupunguza ile oksijeni kali ambayo metali zinaizalisha, maana hiyo ndo inayounguza seli toka ndani.

Sasa swali, mapipa gani? Ya mzizi au ya jani? Uzi wangu wote uko hapo. Mmea ukifungia sumu kwenye mzizi, sisi tunaokula majani tumepona. Ukiipandisha juu ukaifungia kwenye jani, mmea unanawiri na ghala lake la sumu ndo tunalichuma tunafunga fungu. Kwa kadimiamu, mchicha, spinachi, saladi na chainizi wako kundi hili la pili.

Na kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui, kadimiamu inamdhuru binadamu kwenye kiwango ambacho mmea hata haujaanza kukisikia. Kiwango cha mwisho cha Kodeksi (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa mboga za majani ni miligramu 0.2 kwa kilo ya mboga mbichi. Mmea wenye kiasi hicho, hata mara mbili ya hicho, ukiuangalia hauna hata doa la njano.

Nakaribisha maswali, nitajibu ninayoyajua.

Dada wa Mafungu #2

Shikamoo mzee wangu. Mie nauza mboga, nimesoma uzi wako nimekosa raha kabisa. Wateja wananiuliza wakiosha na chumvi au siki inatoka? Mie nawaambia inatoka, sasa sijui nilikuwa nawadanganya.

Mzee wa Matuta #3

Marahaba mwanangu, usikose raha, swali lako ni zuri kuliko yote na jibu lake lina sehemu mbili.

Risasi ni mvivu wa kutembea. Ikiingia kwenye mzizi inanasa palepale, kwenye ukuta wa seli, inayopanda juu ni kidogo sana. Kwahiyo risasi unayoikuta kwenye jani la mchicha sehemu kubwa imetoka nje, vumbi la barabarani, tope lililoruka wakati wa mvua au wakati keni inamwagwa kwa nguvu. Hiyo ukiosha vizuri, maji mengi, mara mbili tatu, jani kwa jani, nyingi inaondoka. Hapo hukuwadanganya.

Kadimiamu ni mtembezi. Imepanda na maji toka mzizini, iko ndani ya seli, ndani ya pipa. Uoshe na chumvi, na siki, na sabuni, haitoki.

Nilijaribu mwenyewe mwaka juzi. Matuta mawili, mbegu moja, siku moja, tuta la kwanza kwenye udongo safi niliouleta na kirikuu na maji ya bomba, la pili bondeni karibu na mtaro unaotoka kwa watu wanaofungua betri za magari. Wiki ya nne nikang'oa. Majani mtu asingeyatofautisha, nilimwita jirani akachagua lile la mtaroni kwamba ndo limependeza. Ila mizizi sasa! Ya udongo safi ilikuwa mirefu, myeupe, ina vinyweleo vyembamba vimeshika udongo kiasi kwamba ukikung'uta haudondoki. Ya mtaroni ilikuwa mifupi, minene, ya kahawia kwenye ncha, imechipua vijizizi vya pembeni kama brashi ya viatu iliyochakaa, udongo wote ukadondoka mara moja. Yaani mmea ulikuwa umeshapigana vita nzima chini kule na juu haukuonyesha kitu. Nilipeleka majani maabara, mengine nimeosha mengine sijaosha. Risasi ilishuka sana kwa yaliyooshwa. Kadimiamu ikabaki palepale.

Toka siku hiyo nikienda shamba la mtu naomba ning'oe mmea mmoja kwanza, nautazama mzizi.

Mtoto wa Geita #4

Mzee umesahau zebaki. Huku kwetu watu wanachoma dhahabu iliyoshikwa na zebaki nyuma ya nyumba na hatua kumi mbele kuna kisamvu na matembele. Je nayo inaingia kwa mizizi? Maana marudio (mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu) tunayaweka mbali na shamba tunajua tumemaliza.

Mzee wa Matuta #5

Mdogo wangu hapo ndo pabaya. Zebaki inaingia zaidi kwa juu. Ukiichoma inakuwa mvuke, jani linavuta hewa kwa vile vitundu vyake na mvuke unaingia nayo, unabaki kwenye jani. Mzizi unaizuia vizuri tu ile ya kwenye udongo, kwahiyo kuweka marudio mbali hakujasaidia kisamvu kama moto wa kuchomea uko palepale. Kisamvu ni jani, linakaa mtini muda mrefu, linakusanya tu. Hamisha moto, au chomea kwenye ritoti, chombo kinachokamata mvuke, na mapafu yenu yatapona pia maana hayo ndo yanaanza kuumia kabla ya kisamvu.

Baba Tunu #6

Nyie wasomi mnawatisha watu bure. Babu zetu wamekula mboga za bondeni, sisi tumekula, tuko hai. Mnaharibia watu biashara, hao akina mama watakula wapi? Leteni ushahidi sio maneno.

Mzee wa Matuta #7

Baba Tunu nakuheshimu na hoja ya biashara ni ya kweli, mimi nimesomeshwa na huo mchicha. Ada yangu ilitoka bondeni. Kwahiyo sizungumzi kama mtu wa pembeni.

Ushahidi wa hapa nyumbani upo toka zamani, 1999 ulichapishwa utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu mboga za majani zinazolimwa kando ya mto Sinza na Msimbazi, walipima risasi, kadimiamu, shaba na zinki, na walizikuta ndani ya mboga. Hiyo ni zaidi ya miaka 25 iliyopita, magari hayakuwa mengi hivi.

Sasa kuhusu kuwa hai. Kadimiamu haiui kwa siku moja. Ikiingia mwilini inakaa kwenye figo, na mwili unachukua miaka 10 hadi 30 kutoa nusu yake tu. Ngoja nikupe kisa cha Japani, hiki nikikisoma mpaka leo kinaniuma.

Kuna mto unaitwa Jinzu, mkoa wa Toyama. Juu kule milimani kulikuwa na mgodi wa Kamioka, wanachimba zinki na risasi, maji machafu yanaingia mtoni, na chini mto unamwagilia majaruba ya mpunga. Watu wakala wali wao miaka na miaka. Walioanza kuumia ni kina mama wa makamo, wengi wao wamezaa watoto wengi, mifupa inalainika, inavunjika hata mtu akikohoa tu. Walikuwa wanalia itai itai, kwa Kijapani ni kama mtu anasema naumia naumia, na ugonjwa ukapata jina hilo. Watu walidhani ni laana, wengine wakasema ni lishe mbaya. Serikali yao ikaja kukubali rasmi 1968 kwamba ni kadimiamu ya mgodini. Udongo wa majaruba ikabidi ubadilishwe, wafukie ule mbaya waweke mwingine juu, kazi ikaja kumalizika 2012. Hesabu mwenyewe miaka hiyo Baba Tunu.

Na miaka yote ile mpunga ulikuwa unatoa masuke, unavunwa, unapikwa. Kina mama wale nao wangeweza kusema kungekuwa na sumu mpunga ungekufa.

Binti wa Udongo #8

Naomba niongezee hapo kwenye mpunga mzee, nimeusoma sana. Wajapani hawakuishia kubadilisha udongo, wakaingia kwenye jeni za mpunga wenyewe kutafuta nani anafungua mlango na nani anafunga pipa.

Pipa kwanza. 2010 walieleza jeni inaitwa OsHMA3, kazi yake ni kusukuma kadimiamu kwenye vakuoli za mzizi ili isipande juu. Waliipataje? Walilinganisha mpunga unaoitwa Nipponbare wa kwao na mpunga mwingine wa kundi la indika unaoitwa Anjana Dhan, huu wa pili ulikuwa unapandisha kadimiamu nyingi sana kwenye bua na punje. Kumbe kwa Anjana Dhan hiyo pampu ya kwenye mzizi ni mbovu, imebadilika kipande kidogo tu cha protini ikaacha kufanya kazi. Pipa lipo ila hakuna wa kujaza, kadimiamu ikikosa pa kukaa mzizini inapanda na maji. Walipoongeza nguvu ya hiyo jeni kwenye mpunga mwingine, punje zikawa na kadimiamu kidogo sana na zinki na chuma hazikupungua. Mimi hilo lilinishangaza, pampu inajua kuchagua.

Halafu mlango. Mlango mkuu wa kadimiamu kwenye mzizi wa mpunga ni ule wa manganizi, jeni yake OsNramp5. Wakachukua mbegu za Koshihikari, mpunga wao maarufu, wakazipiga mionzi ya kaboni, wakapanda maelfu ya mimea wakitafuta inayokataa kadimiamu. Wakapata mitatu. 2012 wakachapisha. Punje karibu hazina kadimiamu hata ikipandwa kwenye udongo mchafu, na huu mpunga hauna jeni ya kupandikizwa toka kiumbe kingine. Mkoa wa Akita umeanza kuuza wa aina hiyo waliozalisha toka kwenye mpunga wao wa Akitakomachi, msimu wa 2025.

Ila una gharama, mlango ule ni wa manganizi pia, kwahiyo mmea unapata manganizi kidogo na unakuwa mwepesi kupata ugonjwa wa madoa ya kahawia kwenye majani. Shamba lisilo na manganizi ya kutosha mkulima anaona kabisa.

Mkulima wa Ruaha #9

Binti sisi tunalima mpunga wa skimu. Je maji yana msaada? Maana tumefundishwa kilimo shadidi, tunakausha jaruba na kulowesha kwa zamu.

Binti wa Udongo #10

Kaka swali zuri na jibu lake gumu kidogo. Jaruba likiwa limejaa maji muda wote, chini hakuna hewa, salfa inageuka inaikamata kadimiamu inakuwa kama jiwe, mpunga hauipati. Ukikausha hewa inaingia na kadimiamu inaachiwa. Ila aseniki inafanya kinyume! Kwenye maji muda wote aseniki inageuka aina ambayo inapita mlango wa silika (yale madini ya mchanga), na mpunga una kiu kubwa ya silika, unaimeza. Kwahiyo udongo wenye kadimiamu unataka maji wakati mpunga unatoa masuke, udongo wenye aseniki unataka kukaushwa kidogo. Kabla hujapima hujui ufanye lipi. Skimu isiyo na mgodi wala kiwanda juu yake sioni sababu ya kuacha kilimo shadidi.

Omwana wa Kakamega #11

Salamu kutoka Kenya. Huku magharibi shida yetu tunaambiwa ni mchanga kuwa na asidi na aluminiamu. Mahindi yanadumaa, mbolea tunaweka lakini wapi. Hiyo nayo iko kwa hii hesabu yenu?

Mzee wa Matuta #12

Karibu sana ndugu yetu. Aluminiamu kwa uzito sio metali nzito, ila mmea unapambana nayo kwa njia ileile ya kwanza niliyoitaja, kuizuia nje, tena hapo ndo imesomwa vizuri kuliko kwingine kote. Udongo wa kawaida aluminiamu imelala ndani ya mfinyanzi haina neno. Asidi ikizidi, pH ikishuka chini ya 5 hivi, inayeyuka inakuja kuunguza ncha ya mzizi, zile milimita chache za mbele zinazokua. Mzizi ukisimama, mbolea yako iko pale mzizi hauifikii, ndo maana unaweka lakini wapi.

Kuna ngano ambazo ncha ya mzizi ikihisi aluminiamu inafungua tundu inatema malati, ni asidi ileile iliyoko kwenye tofaa, inaizunguka aluminiamu haiwezi kuingia tena. Jeni yake ilipatikana 2004, inaitwa ALMT1. Mtama una yake, wenyewe unatema sitrati kama ya ndimu, ya huo ilipatikana 2007. Kwahiyo uliza mbegu zinazovumilia asidi, zipo, na weka chokaa ya kilimo. Tena huku kwetu kwenye kadimiamu chokaa ndo dawa ya kwanza pia, pH ikipanda ikafika 6.5 kwenda 7 kadimiamu inashikwa na udongo.

Mtu wa Lushi #13

Bandugu jambo yenu. Mie niko Lubumbashi, naongeza ya kwetu. Huku kuna ua la zambarau linapenda kuota pale penye shaba, wasomi wanaliita Haumaniastrum katangense, watu wanasema ua la shaba. Wazee waliliona wakajua chini kuna shaba, na wanaakiolojia wamelitumia kupata sehemu za tanuru za zamani ambako walikuwa wanayeyusha shaba. Lakini mjini, upande upepo unapeleka moshi wa tanuru kubwa, kuna sehemu miti ilikufa yote, zimebaki nyasi mbili tatu ambazo zimezoea. Na watu wanalima lenga-lenga pembeni ya hapo, ndo mchicha wenyewe.

Jambo moja lilinishangaza. Zamani waliandika kwamba mimea yetu ina shaba nyingi ajabu kwenye majani, baadae wakagundua sehemu ya hiyo shaba ilikuwa vumbi juu ya jani, hawakuosha vizuri kabla ya kupima. Kama ile ya mzee na risasi.

Mzee wa Matuta #14

Ndugu yangu wa Lushi asante sana, hiyo ya mwisho ni somo kwa kila anayepeleka sampuli.

Kijana wa Kivule #15

Mimi nilisikia ukipanda alizeti inavuta sumu yote udongo unakuwa safi. Si tupande alizeti msimu mmoja halafu turudi kwenye mchicha?

Mzee wa Matuta #16

Kijana tupige hesabu pamoja, kalamu na karatasi. Hekta moja, udongo wa sentimita 20 za juu, uzito wake ni kama tani 2,600. Tuseme una kadimiamu miligramu 5 kwa kilo. Zidisha, unapata kilo 13 za kadimiamu zimelala humo. Tunataka zishuke zifike miligramu 1 kwa kilo, kwahiyo lazima tutoe kilo 10 na kitu. Sasa alizeti au mmea wowote mkubwa, tuseme unakupa tani 10 za mabua makavu, na kila kilo imebeba miligramu 10 za kadimiamu. Msimu mmoja umetoa gramu 100. Kilo 10 kwa gramu 100, misimu mia na zaidi. Na mabua yote hayo huruhusiwi kuyalisha ng'ombe, kuyachoma jikoni wala kuyarudisha kwenye mboji, ukifanya hivyo umerudisha ulichotoa.

Ipo mimea mibabe zaidi, kuna jamii ya kangaga inaitwa Pteris vittata inakusanya aseniki kwa kiasi cha kutisha, iliripotiwa 2001, na kule Kaledonia Mpya kuna mti utomvu wake ni wa buluu-kijani kwa ajili ya nikeli, utomvu huo ukiukausha robo yake ni nikeli. Lakini hiyo ni mimea ya porini na kila mmoja ana metali yake. Sidhani kama tuache watu wakiisubiri alizeti.

Dada wa Mafungu #17

Mzee na mbegu je? Pale bondeni tunaachia mimea bora itoe mbegu, ni mbegu za miaka mingi zinazunguka humohumo. Si zitakuwa zimeshazoea?

Mzee wa Matuta #18

Hilo swali umeniweza, limenilaza macho siku nyingi. Kuzoea kuko kwa aina mbili. Kuna mmea mmoja kujipanga ndani ya wiki zake nne, hayo ya mapipa na nyuzi. Na kuna ukoo mzima kubadilika kizazi kwa kizazi. Waingereza walilisoma hili kwenye machimbo ya zamani ya Wales, walichukua mbegu za nyasi za kawaida za malishoni wakazimwaga kwenye kifusi chenye shaba, zikafa karibu zote, kati ya maelfu zikabaki chache, na hizo chache watoto wake wakawa wanahimili. Hawakuhitaji karne kwa hilo.

Kwahiyo inawezekana kabisa mbegu zenu za bondeni zimechujwa na udongo ule. Ila mmechagua kwa jicho, mmea mkubwa wa kijani. Na mmea unaweza kuwa mkubwa wa kijani kwa sababu mzizi wake unakataa kadimiamu, au kwa sababu jani lake linajua kuifungia. Wote wawili kwa macho ni ndugu. Mmoja ni dhahabu kwetu na mwingine ndo tusiutake kabisa, na hakuna namna ya kuwatenganisha bila kupima jani. Natamani sana siku moja mtu achukue mbegu za wakulima wa mabondeni, apande kwenye udongo mmoja, apime majani, atuambie ipi ni ipi. Wakanada wamefanya kwa ngano yao ya makaroni, wametoa aina inaitwa Strongfield ambayo punje yake ina kadimiamu kidogo. Kwa mchicha wetu tunaokula kila siku inashindikana nini?

Baba Tunu #19

Mzee nimesoma yote toka juu. Sawa, nimekuelewa, sikuwa najua ya Japani. Lakini jibu langu hujanipa, hao akina mama walime nini? Bonde hawaliachi, hawana pengine.

Mzee wa Matuta #20

Asante Baba Tunu kwa kurudi, na uko sahihi, hapa ndo tulipaswa kuanzia.

Walime kinacholiwa punje au tunda. Njia ya kadimiamu toka mzizi mpaka punje ni ndefu, kila hatua inapungua, kwa kawaida jani ndo linabeba nyingi kuliko tunda na punje. Mahindi ya kuchoma, maharage, kunde za punje (majani yake waache), nyanya, bamia. Bilinganya nayo ina la kwake, Wajapani wanaipandikiza juu ya mzizi wa ndugu yake wa porini Solanum torvum na kadimiamu kwenye tunda inashuka sana, maana aliyeshika ufunguo ni mzizi. Karoti na figili waziache, mzizi wenyewe ndo unaoliwa na risasi inakaa hapo.

Mchicha wauhamishie kwenye viroba au kwenye matuta ya kuinua, udongo wa kuletwa na maji ya kisima kilichopimwa au bomba. Najua maji ya bomba yana bili, hilo silifichi, ndo maana nasema mchicha mchache wa maji safi na bamia nyingi za bondeni. Chokaa, samadi nyingi iliyooza vizuri, inashika metali. Majivu ya kuni ni mazuri, ila majivu ya jalalani au ya mbao zenye rangi hapana, hayo yenyewe yana risasi.

Dada wa Mafungu #21

Mzee mie nina matuta yangu sita karibu na daraja. Nataka nipime nijue. Naanzaje, na nimpelekee nani?

Mzee wa Matuta #22

Safi sana mwanangu. Maabara ya udongo ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, au TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo) Mlingano kule Tanga, uwaulize kwanza kama wanapima kadimiamu na risasi na bei yao, usipeleke tu ukaambiwa wanapima rutuba.

Kila tuta chukua udongo sehemu kumi, kina cha kiganja na nusu, tumia mti uliochongwa au plastiki, usitumie jembe lenye kutu wala ndoo ya rangi. Changanya kwenye beseni safi, toa nusu kilo, anika kivulini, funga kwenye mfuko mpya andika namba ya tuta. Mchicha chukua mimea mitano kila tuta, ng'oa na mizizi, usiioshe wewe, funga kwenye karatasi, uwaambie maabara waoshe majani vizuri kabla ya kupima. Tuta lililo karibu zaidi na mtaro na lile la mbali zaidi ndo uanze nayo kama hela haitoshi sita. Jumamosi nitakuwa upande wa huko asubuhi, nitakuja na beseni na mifuko. Mchicha wa tuta la mtaroni usiung'oe mpaka nifike, nataka niione mizizi ikiwa bado na udongo.